Swala Angurumapo

Mzee niliyefuatana naye alipoulizwa langoni kama ile ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia katika Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, alivua kofia yake kwa taadhima, akamtazama kijana aliyekuwa akiandika majina yetu kitabuni, akajibu, "Kwa njia hii, ndiyo." Kijana akacheka, nami nikacheka, lakini mzee mwenyewe hakucheka, maana hakusema kwa mzaha: mtu huyo, mzaliwa wa upande wa Nyakahura wilayani Biharamulo, alianza kuingia katika msitu ule tangu alipokuwa na umri wa kubeba kibuyu cha maji cha baba yake, kwanza nyuma ya mbwa waliofungwa njuga shingoni, baadaye na gobori lenye leseni, na baadaye tena, wala sitaki kumsingizia wala kumtakasa, pasipo leseni, mpaka magoti yake yalipomkataza lile ambalo sheria ilikuwa imemkataza zamani.

Safari yetu ilizaliwa na sauti. Mpwa wangu mmoja, aliyehamia Marekani na kupata kazi katika jimbo la Colorado, alialikwa na wenzake kwenda milimani mwishoni mwa Septemba kuwinda mnyama wanayemwita elk, ambaye wengine humwita wapiti kwa jina walilolirithi kwa wenyeji wa asili wa nchi ile. Naye, kwa kuwa hakuwa na kibali wala silaha, alikwenda kama mbeba mizigo na mtazamaji. Akaniletea kwa simu sauti aliyoinasa alfajiri. "Mjomba," aliandika, "sikiliza, halafu uniambie kama umepata kusikia mnyama akilia hivi." Sauti ile ilianza chini, kama ya mtu anayejaribu zumari, ikapanda hata ikawa mlio mwembamba wa kutoboa sikio, ikakatika ghafula, kisha yakafuata maguno matatu manne mazito, kana kwamba mpiga zumari amekabwa na kikohozi.

Niliipiga sauti hiyo barazani mbele ya mzee wangu, naye akaitaka mara tatu, ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza habari za msiba. Mwisho akasema, "Huyu anatafuta wake. Lakini swala wetu hunguruma vizuri kuliko huyu." Nilidhani ananitania. Mimi ni mtoto wa Ngara, nimekula nyama ya porini kabla sijajua kuwa ni haramu ya serikali, na katika umri wangu wote nilimhesabu swala kuwa mnyama asiye na sauti ila ile ya kupiga chafya akishtuka. "Mwezi wa tano," akasema mzee, "mvua zikikaribia kukata, nipeleke Burigi nikusikilizishe. Wewe toa gari, mimi nitatoa masikio."

Kabla sijasimulia tuliyoyaona, sina budi kusimama kidogo kwenye maneno, kwa kuwa katika jambo hili lugha yetu imetupoteza njia pasipo kukusudia. Wanyama wa jamii ya elk hawako katika nchi yetu, wala kwa asili hawako popote katika bara hili ila pembeni mwa kaskazini, hasa Algeria na Tunisia. Waliofasiri Biblia kwa Kiswahili, walipokutana na mnyama wa jamii hiyo katika Zaburi, walikwenda kuazima jina kwa Waarabu wakatupa ayala, neno zuri lenye heba yake, ambalo waumini wetu wengi hulitamka Jumapili pasipo kuwa na sura yoyote ya mnyama machoni mwao. Wengine wakamtwika jina la kulungu, ambaye ni mnyama wetu mwenyewe. Matokeo yake ni kwamba mtoto wa shule ya msingi pale Rulenge, ukimwambia achore kulungu, aghalabu atakuchorea mnyama mwenye pembe za matawi kama mti uliopukutika, aliyemwona kwenye kadi za Krismasi. Na huku kulungu halisi, yaani pongo, mwenye madoa meupe ubavuni na pembe zilizosokotwa kidogo, analala kichakani nyuma ya shamba la migomba la nyanya yake. Hata neno vuli tumelitoa mkopo: kwetu ni mvua za mwisho wa mwaka, na katika vitabu vya kufasiriwa limekuwa msimu wa majani kugeuka mekundu, jambo ambalo si Ngara wala Biharamulo limepata kuonekana.

Tofauti ya wanyama hao si ya majina tu. Ayala dume huziotesha pembe zake upya kila mwaka, huzikausha, huzisugua mitini, huzitumia vitani, kisha humwanguka akabaki kipara mpaka nyingine zichipue. Swala wa kwetu hupewa jozi moja ya pembe kwa maisha yake yote, na ikivunjika imevunjika. Na wakati wa ayala kutafuta wake huamriwa na jua: siku zinapoanza kufupika baada ya kiangazi chao, giza linaloongezeka huuambia mwili wake kuwa saa imewadia, ili ndama wazaliwe majira ya joto yatakaporudi. Kwetu, nyuzi mbili na ushei kusini mwa ikweta, siku ndefu kuliko zote haiizidi ile fupi kwa nusu saa, na mnyama atakayengoja habari kwa jua atangoja mpaka kiyama. Hapa anayetoa amri ni mvua. Ndiyo maana huko kusini mwa bara, Zimbabwe na Afrika Kusini, ndoa za swala pala hubanwa katika wiki chache za mwezi wa Mei, na kwetu hutandaa katika mwaka, zikipanda na kushuka, na kilele chake, kwa hesabu ya mzee wangu ambayo haikuandikwa popote, ni pale masika yanapofunga virago.

Tulilala kambini kando ya Ziwa Burigi, viboko wakikoroma majini usiku kucha. Kabla ya mapambazuko tulikuwa tumeshapanda gari: dereva, mzee, mimi, na kijana askari wa hifadhi mwenye bunduki begani na redio ya mkononi, aliyekulia mkoa mwingine na kuhitimu chuo cha wanyamapori, mpole na mwenye adabu, ambaye aliweza kututajia majina ya Kilatini ya kila mnyama tuliyempita. Majani yalikuwa yamezidi kimo cha kiuno na yamelowa umande, na ukungu ulikuwa umelala mabondeni kama maziwa yaliyomwagika. Tuliliacha gari penye mwinuko wa miti ya migunga, mahali ambapo nyasi zilikuwa fupi kwa kuliwa, tukakaa chini kwa amri ya mzee na kutazama mashariki.

Ndipo ilipokuja. Sitajaribu kuipamba: ilikuwa ni sauti ya kukoroma na kunguruma kwa pamoja, nzito, ya kukwaruza, mfano wa msumeno mkubwa unaokata gogo bichi, ikifuatana kwa pumzi fupi fupi, nayo ilitoka kichakani mahali pasipozidi hatua mia moja kutoka tulipokaa. Kijana wetu aliinuka nusu, mkono wake umeshaifikia bunduki, akanong'ona, "Chui." Mzee akamvuta ukanda wa shati taratibu, akamkalisha chini. "Kaa, mwanangu. Huyo ni bwana harusi."

Akatoka swala pala dume. Wasomaji wote wa Kagera wanamjua: rangi ya hudhurungi iliyofifia tumboni, pembe zilizopinda kama nguzo mbili za zeze, na shungi nyeusi za nywele juu ya kwato za nyuma. Lakini huyu hakuwa yule mpole wa kwenye picha. Shingo yake ilikuwa imevimba, manyoya yamemsimama, ulimi ukimcheza, na kila baada ya mngurumo alikimbia hatua kumi mkia umetandazwa mweupe kama kitambaa, akawazunguka majike wapatao ishirini na kuwasukumia ndani ya duara ambalo yeye peke yake aliuona mpaka wake. Akimfikia jike alimnusa nyuma, kisha akainua pua juu na kukunja mdomo, kama afanyavyo beberu nyumbani kwako, akipima kwa harufu kama zamu ya jike yule imefika. Aghalabu haikuwa imefika. Jike hutoka mbio, na mwingine naye huchepuka upande wa pili kwenda kula majani kana kwamba hapana jambo, na dume wa watu huanza upya kazi ya kukusanya.

Mbali kidogo, kwenye ukingo wa miti, walisimama makapera saba au wanane, vijana wenye pembe nzuri na miili iliyonawiri, wakitazama. Mmoja alijaribu bahati yake mara mbili. Mara ya kwanza mngurumo peke yake ulimtosha. Mara ya pili ikawa pembe kwa pembe, mlio mkavu kama wa magongo, vumbi halipo kwa ajili ya umande, na katika muda usiozidi dakika moja yule kapera alikuwa amegeuza nyuma anakimbia, na mshindi anamfuata akinguruma, na majike sita kati ya ishirini wanaitumia fursa hiyo kuondoka zao.

Nilimwuliza mzee alimjuaje mwenye milki kati ya madume wote wale, kabla hajanguruma. Akanipa darubini akaniambia, "Mtazame shingoni na masikioni. Ana kupe." Kweli, yule dume alikuwa amejaa kupe kama mbegu za mbarika, na makapera walikuwa safi. "Mtawala hana wasaa wa kujikuna," akasema. "Wale wengine kutwa wanachanana. Huyu akiinamisha kichwa ajichane, akiinua amekwisha kuibiwa."

Jambo hili nilikuja kulikuta baadaye katika maandishi ya wataalamu wawili, Benjamin Hart na Michael Mooring, ambao katika miaka ya 1990 walihesabu kupe wa swala pala na mara ambazo kila mnyama hujichana kwa meno ya chini, wakathibitisha kuwa dume mwenye himaya hujichana kwa uchache na hubeba kupe kwa wingi kuliko majike na makapera. Na kwamba swala hao, hata wasio na udugu, huchanana wawili wawili kwa zamu, wewe mara moja nami mara moja, kwa uadilifu ambao vyama vyetu vya ushirika vingepaswa kuuonea haya. Nilipoyasoma hayo sikujua nimsifu nani. Wasomi walistahili sifa kwa kuhesabu, maana kudai si kuthibitisha. Lakini mtu wa Nyakahura aliyejifunza nyuma ya mbwa wa baba yake alikuwa nayo elimu hiyo miaka sitini nyuma, na hapana mtu aliyepata kumwuliza.

Kulipopambazuka sawasawa tukashuka upande wa tambarare, tukamkuta nyamera dume amesimama juu ya kichuguu, amejiinua kifua, hatikisiki, kama sanamu iliyowekwa pale na manispaa. Nyamera ni mnyama mwenye ndoa za ajabu. Ng'ambo ya mto Kagera, katika hifadhi ya Akagera nchini Rwanda, mtafiti Nicole Monfort-Braham alieleza mwaka 1975 jinsi madume wanavyokusanyika mahali pamoja, kila mmoja na kiwanja chake kidogo kisicho na malisho ya maana, na majike huja pale kuchagua mume kama watu wanaotembelea maduka. Mzee wangu hakuwahi kuvuka Kagera kwa jambo hilo, ila alikuwa na neno lake juu ya nyamera: "Ni mwongo." Jike akitaka kutoka kiwanjani, alisema, dume husimama, hutazama mbele kule jike anakoelekea, hupiga pumzi ya puani ile ya kutahadharisha kuwa kuna simba, na jike husita akarudi, simba mwenyewe hayuko. Hili nalo limethibitika: Jakob Bro-Jørgensen na Wiline Pangle walilichapisha mwaka 2010 baada ya kuwatazama nyamera wa Maasai Mara. Kijana wetu alikuwa hajalisikia. Akatoa daftari mfukoni, akaandika.

Nisije nikaonekana namfanya mzee wangu kuwa nabii, niseme pia alipokosea. Alisisitiza kuwa swala jike mwenye mimba huweza kuzuia uzazi mpaka mvua inyeshe, hata ikachelewa mwezi. Imani hiyo imeenea sana katika Afrika, na wataalamu hawaikubali: mimba ya swala pala huchukua miezi sita na nusu hivi, na siku zikitimia mtoto huzaliwa, mvua iwe imekuja au haijaja. Nilipomwambia hivyo alinyamaza kitambo, akasema, "Basi wale waliozaliwa kwenye ukame sikuwaona kwa sababu walikufa mapema." Natamani ningekuwa na wanafunzi wenye wepesi wa namna hiyo wa kukosolewa.

Sasa nije kwenye uwindaji wenyewe. Huko Colorado, mpwa wangu alinisimulia, wapiga mishale huruhusiwa kuwinda mwezi uleule wa Septemba ambao dume wa elk amepotewa na akili, nao hubeba vipembe vya kuigiza sauti yake. Mnyama akisikia hudhani mpinzani amekuja, humwendea mwindaji kwa miguu yake mwenyewe, amejaa ghera, akapigwa. Sheria yao imehesabu idadi na kila mwindaji ana kibali chake, nami sina haki ya kuwasuta watu wanaotunza mbuga zao kwa fedha za vibali hivyo. Ila moyo wangu haukuafiki. Niliuliza maoni ya mzee, nikitarajia maneno makubwa juu ya mwiko na heshima. Akaniambia, "Sisi dume aliye kazini hatukumpiga. Nyama yake inanuka mkojo, na amekonda." Basi. Ukitafuta asili ya miiko mingi ya wawindaji utaikuta jikoni, wala haipungukiwi na hekima kwa sababu hiyo, maana dume aliyeachwa leo kwa ajili ya harufu yake ndiye baba wa swala wa mwakani.

Mpwa wangu huyohuyo, Jumapili iliyofuata, alikwenda katika mji unaoitwa Estes Park, kwenye mlango wa hifadhi ya taifa ambamo kuwinda hakuruhusiwi kabisa. Huko, alisema, magari hujipanga kandokando ya malisho saa za jioni, wazee na watoto wamejifunika mablanketi, wamezima injini, wanasikiliza. Hawakuja kuua wala kula. Hoteli zimejaa, na mji hufanya sherehe kwa heshima ya msimu huo. Nililisoma jambo hilo mara mbili. Watu hufunga safari na kulipa fedha ili wasikie dume wa ayala akilia. Na sisi tunaye dume anayenguruma kama chui, na mhifadhi tuliyempa bunduki ya kumlinda hajapata kuambiwa na mtu kuwa sauti ile ni ya swala.

Jambo hili lina historia, nayo ni ya uchungu. Mnamo Novemba 1861 John Hanning Speke alipita Usui, ambayo ndiyo Biharamulo ya leo, akaingia Karagwe kwa Mfalme Rumanika, na kwa msaada wa wenyeji akamjua mnyama wa vinamasini ambaye wawindaji wa huko walimwita kwa jina aliloliandika nzoe. Sisi twamwita nzohe. Katika vitabu vya elimu duniani mnyama yule alipewa jina la Speke, na wale waliomwonyesha hawakupewa hata mstari wa pembeni. Toka siku hiyo mpaka leo mwenyeji amekuwa na vyeo viwili tu mbele ya wanyama wake: mbeba mizigo, au mhalifu.

Kisha ukaja mwaka 1994. Mwishoni mwa Aprili, katika muda wa saa 24, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakiyakimbia mauaji ya Rwanda, wakatua Benaco, na kwa siku chache Ngara ikawa na mji ulioshinda miji yetu mingi kwa idadi ya watu. Mgao wa chakula ulikuwa mahindi na maharage, nyama haikuwamo. Mwenye njaa hana miiko, na msitu ulikuwa karibu. Nyama ya porini ilipikwa gizani, ikaitwa mchicha wa usiku, jina ambalo shirika la TRAFFIC lililifanya kichwa cha taarifa yake ya mwaka 2008 juu ya mkasa huo. Tanzi za waya zikajaa, na waya, tofauti na mzee wangu, hauulizi kama aliyenaswa ni dume aliyekonda au jike mwenye mimba. Wakafuata majambazi, mpaka mabasi yakawa yanasindikizwa na askari kupita misitu ya Biharamulo. Wakafuata na ng'ombe kwa maelfu. Wanyama walipungua kiasi ambacho mtu aliyeijua Burigi ya kale alipita humo asione ila nyayo.

Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa hifadhi moja ya taifa yenye kilomita za mraba 4,707, nami nililiona kuwa jambo jema na naliona hivyo hata sasa. Lakini mpaka uliochorwa umezuia mikuki na waya, na pamoja nayo umefungia nje elimu. Wazee waliojua mahali wanyama wanapolamba chumvi, chemchemi isiyokauka Agosti, mlima wanakolala korongo, na sauti ya kila dume katika kila majira, wamekaa vijijini kuanzia Nyakahura hata Kasulo, wanakohoa, na kila masika twawazika wawili watatu. Wajukuu wao hawaijui elimu hiyo, kwa sababu kuijua kulikuwa ni ushahidi wa hatia.

Rai yangu kwa wenye mamlaka ni hii, nami naitoa kwa adabu. Watafutwe wazee hao, wa Wahangaza, wa Washubi na wa Wasubi, wangali hai. Waingizwe hifadhini kwa lango, kwa posho, kila mmoja na kijana wake wa chuoni mwenye daftari. Na yale wanayoyajua yaandikwe, yakiwemo makosa yao, ili wataalamu wayapime. Kisha mwezi wa Mei, ambao leo ni mwezi mkavu kwa biashara ya utalii kwa kuwa nyasi ni ndefu na barabara ni tope, utangazwe kuwa mwezi wa kusikiliza. Mgeni ambaye hawezi kuona kwa sababu ya majani bado ana masikio. Na kabla ya mgeni, wapelekwe watoto wa shule za Ngara na Biharamulo, japo darasa moja kwa kila shule.

Najua nitakaloambiwa: kwamba nataka jangili aajiriwe kuchunga alichokuwa akikiiba. Naam, ndivyo. Rwanda wamefanya hivyo karibu na Musanze, ambako waliokuwa majangili wa milima ya sokwe sasa hulipwa kwa kuwasimulia na kuwaongoza wageni. Na huko Akagera, tunakokuona kwa macho tukisimama kwenye vilele vya upande wetu, vijana wa vijiji vya jirani ndio wanaowaongoza wageni. Si lazima kila mzee aaminiwe kwa kila jambo. Mzee wangu mwenyewe sikumwacha peke yake na kisu cha dereva.

Nami sikumtafuta mzee huyu kwa sababu ya uadilifu wake. Katika nchi zote zinazonywa maji ya Kagera mwindaji amekuwa mtu wa hadithi kuliko mtu wa sheria. Ng'ambo ya mto husimuliwa habari za Ryangombe, ambaye Warundi humwita Kiranga, mwindaji mkuu aliyeonywa na mama yake asiende porini siku ile, akaenda, akakutana na mwanamke njiani, na mwanamke yule akageuka nyati akamrusha kwa pembe mpaka kwenye mti wa maua mekundu. Nilimkumbusha mzee habari hiyo tulipokuwa tukila mchana chini ya mgunga. Akatafuna muhogo wake akamaliza, akasema kwamba kila mwindaji anayeingia msituni majira ya ndoa za wanyama huwa ameingia harusini kwa watu pasipo kualikwa, na afadhali akae nyuma.

Jioni, tukirudi langoni, tulipita tena penye mwinuko ule wa asubuhi. Jua lilikuwa limegusa vilima vya Kimisi, na dereva, pasipo kuambiwa, alizima injini. Kukawa kimya kitambo. Kisha mngurumo ukatoka kichakani, uleule wa msumeno na gogo bichi, na kijana wetu mwenye bunduki hakuinuka, wala mkono wake haukutoka kwenye daftari.

"Ni yuleyule, babu?" akauliza.

Mzee alikuwa amefumba macho. Akangoja mngurumo wa pili, na wa tatu.

"Siye," akasema. "Yule wa asubuhi ameshaondolewa. Huyu ni mgeni, bado koo lake halijakwaruzika."